Chumba cha Tisa

Duka langu la kuchapa pale Makambako lina kompyuta moja kuukuu. Kioo chake nimekifunga kwa nati, kinawatazama wateja ili kila mtu akague jina lake kabla sijachapa. Madirisha ya programu zake hayafunikani. Jipya likifunguka, mengine husogea yakajipanga ubavu kwa ubavu kama matuta ya viazi. Nimeyagawa katika vyumba tisa, namba zake zimepangwa pembeni ya kioo, na kioo huonyesha chumba kimoja tu kwa wakati. Wanaonicheka kwa kukataa kipanya wacheke tu.

Asubuhi moja mzee mmoja kutoka Mdandu alikuja kuagiza ratiba ya mazishi ya dada yake. Picha za dada huyo angezituma kwa simu.

"Binti wa marehemu anashukia hapa akitokea Dar, atanisubiri kwako," alisema. "Kaambiwa mama anaumwa tu. Kwetu msiba hauambiwi njiani. Mwanangu, asione kitu."

Niliogopa. Picha ikiingia kwenye simu yangu, hufunguka yenyewe kwenye kompyuta, na foleni ya wateja haikuniruhusu kuizima.

Nikaiandikia kompyuta kanuni: dirisha lolote lenye jina "picha" liende chumba cha tisa, kimyakimya, nami nibaki nilipo. Nikajaribu kwa picha ya mbuzi wangu. Mbuzi akajaa kiooni. Nikarudia, mbuzi yuleyule. Hasira zilinipanda. Nishindwe na mbuzi? Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikainama tena. Kumbe dirisha huzaliwa bila jina, hupewa baadaye, kanuni ikiwa imeshapita. Nikaiamuru itazame aina ya programu badala ya jina. Mbuzi akatoweka, na pembeni ya kioo namba tisa ikawaka nyekundu.

Binti akafika na mkoba wake.

"Kamwene," akanisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene," nikajibu, nikampa kiti mbele ya kioo, maana hakuna kingine. Akanionyesha kitenge alichomnunulia mama yake. Nilimwonea huruma. Niliendelea kuchapa barua ya mteja. Tisa ikawaka.

"Kaka, hiyo tisa ina nini?"

"Kazi ya mtu, dada."

Mjomba wake, yule mzee, akaja na gari, wakaondoka. Ratiba niliichapa baada ya vumbi lao kutulia.

Msiba ulipoisha, akiwa njiani kurudi Dar, alipita dukani. Hakuwa na cha kuchapa. Alisimama akikitazama kioo.

"Ile tisa," alisema, "alikuwa mama?"

"Ndiye."

Akavuta kiti kilekile, akaketi.

"Basi nifungulie, kaka."