Ijumaa Nilipokuta Kanisa Limefungwa

Wewe nakuandikia kwa sababu najua utanicheka, lakini utanicheka kwa upendo. Mimina chai basi nikueleze vile nilifika Italia, mimi niliyesomea kuandika kwenye madarasa ya jioni, baada ya kufua nguo za watu mchana kutwa, na kosa nililolifanya huko kwenye mji mdogo ulio juu ya kilima.

Kwanza ujue vile tunasali Doha. Kule Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu. Watoto wanaenda shule, maofisi yamefunguliwa, na mimi niko jikoni. Siku yetu ya ofu ni Ijumaa, kwa hivyo makanisa nayo yamehamia Ijumaa. Asubuhi utaona Wakenya, Waganda, Wahindi, Wafilipino, wametoka mitaa ya Najma na Al Mansoura wamevaa nguo zao nzuri, wamejazana kwenye mabasi kuelekea nje ya mji kwenye makanisa. Misa moja ikitoka nyingine inaingia. Tukiagana tunaambiana tu, "Haya, tuonane kanisani Ijumaa." Mwaka wa kwanza niliona ajabu. Halafu nikazoea. Halafu nikasahau kwamba nimezoea, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzee wa Kiqatari, mama yake bosi. Madam, mke wa bosi, ndiye aliyeniajiri, lakini mwenye mimi nilikuwa wake ni yule mzee. Magoti yalikuwa yamemkataa kabisa. Mdomo ulikuwa mzima. Yeye aliniita binti, mimi nikimwita Mama Mkubwa, na tukiongea kile Kiarabu chetu cha jikoni, nusu maneno, nusu mikono. Kwa jambo la Ijumaa alikuwa mkali. Madam akitaka nibaki nipike kwa sababu kuna wageni, mzee anagonga fimbo sakafuni: "Ijumaa ni yake. Ana Mola wake wa kwenda kumwona." Na mimi, saa ya swala yake ikifika, nilizima televisheni, nikafukuza wajukuu sebuleni, nikamgeuzia kiti vile anavyotaka. Hatukuwahi kukaa chini tukajadili dini. Tulipeana nafasi tu.

Sasa, joto la Doha likizidi, wenye uwezo wanalitoroka. Mwaka ule familia ilikodi nyumba Italia, mashambani, na mimi nikachukuliwa kwa sababu ya magoti ya mzee. Nikiosha vyombo niliona kilima upande wa pili, na juu yake mji wa mawe umebanana kama watu wanaoogopa kuanguka, na katikati mnara wa kanisa. Nilikuwa nautazama kila asubuhi nikifanya ishara ya msalaba na mikono yenye povu.

Wiki hiyo hiyo tuliyofika, mama yangu mzazi alilazwa hospitali Kitale. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alisema utolewe sasa, ukiachwa utamshinda. Mama ndiye aliyekuwa analea watoto wangu wawili. Ukinitajia nyumbani, mimi nilikuwa namwona yeye, mlangoni, na leso yake kiunoni. Na mama akakataa kupasuliwa. Aliogopa ule usingizi wa dawa. Alisema mtu hawezi kulala bila kujua nani anamlinda. Dada yangu mdogo, aliyekuwa naye wodini, alinipigia analia. Mwishowe mama akamnyang'anya simu.

"Sikiza," akaniambia. "Sipandi hicho kitanda mpaka nisikie kwa mdomo wako kwamba uko ndani ya kanisa unaniombea. Si kwa nyumba ya Waarabu. Si jikoni. Ndani ya kanisa."

"Wanakupasua lini?"

"Ijumaa mchana."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. "Ijumaa! Si hiyo ndiyo siku ya Misa yenyewe? Nitakuwa ndani, mama. Nitakuwa ndani hata kabla yao kunoa visu."

"Wachana na visu," akasema.

Mama alijua sisi wa Doha tunasali Ijumaa, kwa hivyo naye hakuona kosa. Nilimweleza Mama Mkubwa, naye jioni hiyo akamwambia mwanawe, "Ijumaa tunapanda ule mji. Binti ana kanisa."

"Mama, kule ni ngazi na mawe matupu," bosi akasema.

"Basi utanibeba. Mimi nilikubeba, na ulikuwa mnene."

Madam alicheka mpaka akashika meza. Hivyo ndivyo tulivyoenda sote, na ndani ya gari hakuna hata mmoja aliyesema, "Lakini leo si Ijumaa?" Nyumba nzima ilikuwa imeshazoea kwamba Mkristo na Ijumaa ni kitu kimoja.

Gari haliruhusiwi kuingia ndani ya ule mji. Linaachwa chini ya ukuta, halafu unapanda. Bosi na Madam walienda na watoto kutafuta aisikrimu, mimi nikabaki na mzee na kiti chake cha magurudumu, na barabara ya mawe ya mviringo iliyopanda kama ukuta. Nilisukuma. Kiti kiliruka. Mzee akishika abaya yake na mkono mmoja na kiti na mwingine, akawa ananipigia kelele, "Unaniponda, ewe binti! Unaniponda kama ngano ya harisi!"

"Nyamaza, Mama, tunafika."

"Nikifika nitakuwa tayari kwa samli!"

Nilicheka, kwa sababu harisi yao ni ngano na nyama inayopondwa, kisha inamiminiwa samli. Na mji wenyewe ulikuwa umenyamaza. Nimezoea Doha, ambako hata ukifunga madirisha yote unasikia kreni za ujenzi na eisii zikinguruma. Hapa nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba la ukutani, na kijiko kikigonga kikombe ndani ya nyumba ya mtu. Nguo zilianikwa juu ya vichwa vyetu, shuka, soksi, suruali ya mtu mfupi. Paka alitutazama akalala tena. Wazee wawili walikuwa wanacheza karata kwenye kivuli. Walipotuona, mwanamke mweusi na kitambaa cha kanisani akimsukuma mwanamke aliyefunikwa nguo nyeusi mpaka usoni, walisimama, mmoja akavua kofia. Ningekuwa sina haraka ningeupenda mji huo papo hapo. Ilibidi niupende baadaye.

Tukatokea uwanjani. Kanisa ndilo lile. Na mlango, mkubwa, wa mbao, umefungwa.

Nilisukuma. Nikasukuma na bega. Nikazunguka upande wa pili, nako kumefungwa. Hakuna watu waliovaa vizuri, hakuna kengele, hakuna hata mtu wa kufagia. Nikasimama pale nikijiuliza, Misa imehamishwa? Kuna msiba? Na hapo ndipo ilipoingia akilini, polepole, kama maji yanavyopenya chini ya mlango. Ulimwengu mzima, ukiondoa sisi wa Ghuba, unasali Jumapili. Kwetu Kitale ni Jumapili. Nilibatizwa Jumapili.

Mama Mkubwa alikuwa anatazama tundu la ufunguo. "Imamu wenu amelala?"

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Ni mama.

"Nimevalishwa gauni lao, mgongo wote uko nje," akasema. "Uko ndani?"

Nataka uelewe hapo. Kusema "ndiyo" ilikuwa rahisi. Nilikuwa nimeshika mlango wenyewe kwa mkono. Lakini mama alikuwa anaenda kulala akiamini neno langu, na kama asingeamka, neno la mwisho nililompa lingekuwa la uongo. Ulimi ulikataa.

"Niko mlangoni, mama. Limefungwa."

"Limefungwa? Na Ijumaa?"

"Mama, huku wanasali Jumapili."

Halafu nikasikia mama yangu akicheka, mgonjwa wa kupasuliwa, akicheka mpaka akasema ai, tumbo. "Kwani sisi tunasali lini, wewe mtoto? Hao Waarabu wamekuoshea kichwa?" Nikasikia akimweleza dada yangu, na dada yangu akicheka na kulia, na muuguzi akimwambia kama bibi yake, "Shosho, tunakungoja." Kisha sauti yake ikawa ndogo. "Mimi siendi. Uingie kwanza. Nangoja kwa simu."

"Shosho, daktari ana wagonjwa wengine."

"Wacha awaanze hao."

Mama Mkubwa alikuwa amenisoma usoni. Alijivuta karibu na mlango akaanza kuupiga na fimbo yake. Alipiga kama mtu anayedai haki. Njiwa waliruka. Dirisha likafunguka juu upande wa pili wa uwanja, akatokea bibi mzee wa Kiitaliano, na vishikio vya nywele kichwani, akapiga kelele kwa Kiitaliano. Mama Mkubwa akajibu kwa Kiarabu, akielekeza fimbo kwangu, kwenye simu, kwenye tumbo lake mwenyewe, akajikata tumbo na kidole, akanyoosha mikono juu. Bibi akapiga kelele tena. Mama Mkubwa naye hakurudi nyuma. Mimi katikati, simu sikioni, mama akiuliza, "Ni nani hao wanapigana?"

"Hawapigani, mama. Wanakusaidia."

Nilipiga magoti pale kwenye ngazi, nikanyoosha mkono kwa yule bibi, nikasema neno moja nililokuwa na hakika nalo. "Mama." Nikaelekeza simu. "Mama."

Dirisha likafungwa. Nilidhani basi, tumefukuzwa. Kumbe bibi alikuwa anatafuta viatu. Alitoka na ndara, vishikio bado kichwani, na kwenye mfuko wa aproni ufunguo mrefu kama mwiko wa ugali. Yeye ndiye aliyekuwa anatunza kanisa. Alifungua akanisukuma mgongoni, hivi, kama mtoto anayechelewa shule.

Ndani kulikuwa baridi na harufu ya nta. "Niko ndani, mama," nikasema, na mwangwi ukarudia maneno yangu, na naamini hata yeye aliusikia, kwa sababu alisema, "Eh. Uko ndani kweli." Halafu akasema, "Nilinde nikilala," na simu ikakatika.

Nilisali rozari. Nilipoteza hesabu nikaanza upya, nikapoteza tena. Sikuwa na maneno mazuri. Nilimwambia Mungu tu kwamba watoto wangu bado wadogo, na mama ndiye anayejua yupi anaogopa giza na yupi hali maharagwe. Nilipogeuka nilimwona Mama Mkubwa kwenye kivuli cha mlango, upande wa nje. Bibi alikuwa amesaidia kugeuza kiti vile mzee alivyomwonyesha na mkono, akakaa kwenye ngazi kando yake bila kupita mbele. Mzee alikuwa anaswali adhuhuri yake, ameketi, anainamisha kichwa. Alipomaliza hakushusha mikono. Iliendelea kuwa wazi mapajani muda mrefu, na nikasikia katikati ya Kiarabu chake neno ambalo si la Kiarabu. Kitale.

Hapo ndipo nilipolia.

Bosi alipotufuata alitukuta sote watatu kwenye ngazi tunakula pichi za yule bibi, maji yakitutiririka mikononi, Mama Mkubwa na bibi wakionyeshana magoti yao mabovu. Alitaka tuondoke. Mama yake akamwambia, "Kaa. Hatuondoki hapa mpaka simu ilie." Akakaa, mtu mzima na suti yake ya likizo, akapewa pichi.

Simu ililia jua likiwa limeshashuka kwenye mapaa. Dada yangu. "Ametoka. Ameamka. Anauliza kwa nini hakuna chai." Nilipiga kigelegele, na ule mji uliolala ukaamka, madirisha yalifunguka, na Mama Mkubwa akapiga chake, cha Kiarabu, kirefu kunishinda. Bibi hakujua kupiga. Alipiga makofi.

Mama yangu yuko hadi leo. Shida ni kwamba hadithi hii anaisimulia vibaya. Kijiji kizima kinajua kwamba padri wa Italia alimfungulia yeye kanisa kwa heshima, na wengine sasa wanasema alikuwa askofu. Kwa hivyo nakuomba, ukimaliza kusoma msimulie mwingine, hasa yule aliye mbali na wazazi wake, naye amsimulie mwingine. Lakini isimulieni vile ilivyokuwa. Hakukuwa na padri. Mmoja alipiga mlango, mwingine akaleta ufunguo, na mama yangu akakubali kulala.