Rotili ya Kushoto

Gari langu ni kuukuu, sikatai. Lakini nililinunua kwa jasho langu, mimi niliyeishia darasa la pili, na nilikuwa nimemwahidi binti yangu wa mwisho kwamba Jumamosi nitampeleka kanisani Rugerero mwenyewe, ndani ya hilo hilo.

Mke wangu hakutaka kusikia. Usukani ulikuwa unacheza. Kila shimo tunaelekea mtaroni.

"Mtoto haolewi mtaroni," alisema. "Ukikataa kukodi gari, mimi nitakwenda kwa miguu."

Alhamisi nikajilaza chini ya gari, uani kwetu Mbugangari. Kilichokufa ni rotili ya kushoto, kile kifundo kinachounganisha fimbo ya usukani na mguu wa tairi. Nati ililegea vizuri. Rotili yenyewe ikagoma. Vumbi la mawe ya volkano limeingia pale miaka na miaka, mvua ikalikoroga, likawa saruji.

Kaka wa mke wangu alikuwa amevuka mpaka kutoka Goma kuleta vitenge vya arusi. Akakaa juu ya tairi la akiba kunitazama.

"Shemeji, leta moto tuichome."

"Tuunguze na mpira wa breki, halafu tusimame kwa maombi?"

"Bon. Basi piga ule musumari wake."

"Ukiupiga kichwani unavimba, haupiti tena kwenye tundu."

"We muzee unajua yote, na gari iko pale pale."

Nikampa nyundo, nikashika nyingine. Jicho la chuma, lile tundu linaloubana msumari wa rotili, linapigwa pande mbili kwa pamoja, mpaka lishtuke. Tukahesabu hadi tatu. Yeye akapiga kwenye tatu, mimi baada ya tatu. Tukarudia, yeye akaningoja, nami nikamwahi. Tulitukanana vizuri sana, rotili haikusogea.

Nikafunga kile chuma cha kuvutia, chenye meno mawili na bolti katikati. Nikakaza mpaka bolti ikakataa kuzunguka. Kimya.

"Chakula!" mke wangu akaita.

Nikakiacha kimekaza hivyo hivyo, na nati imeshikilia kwa nyuzi chache ili kitu kisiruke. Tukala ugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani. Mke wangu akaanza: ameshaongea na jirani mwenye gari jipya...

Pah!

Kijiko kikamdondoka. "Tairi limepasuka!"

"Rotili imetoka," nikamwambia. Sikuinuka. Nilimaliza samaki wangu.

"Ni ile nyundo yangu ya mwisho," akasema shemeji.

Jioni ile nilifunga rotili mpya, nikanyoosha tairi kwa kupima na kamba.

Jumamosi binti yangu alikaa nyuma na shela lake. Mama yake akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele, akaingia. Tulipofika kwenye mashimo ya Rugerero niliachia usukani kidogo, makusudi, aone.

"Shika!" Akanichapa begani.

Gari lilikuwa linakwenda lenyewe, limenyooka.