Aliyeniomba Nimtue Kwihara

Najua mtu akichoka huona mambo. Basi kabla hujaniambia hivyo, nakubali: siku ile nilikuwa hoi. Lakini haya ninayokusimulia yalinitokea mchana kweupe, alasiri jua likiwaka, na kuna mtu mwingine aliyeniona akiwa Dar es Salaam, kwenye kiti chake. Ukitaka kucheka, cheka. Nimeshazoea.

Mimi ni fundi wa minara ya simu, naishi Isevya na mama yangu. Minara hii haikai watu. Chini ya kila mmoja kuna kijumba cha mitambo, na ndani yake vidude vinavyopima joto, dizeli na betri, na kingine mlangoni kinachojua kama mlango umefunguliwa. Kitu kikienda kombo, alamu inalia Dar, kwa dada mmoja nitakayemwita Rehema, naye ananipigia mimi. Nikiwa nakula, ananipigia. Nikiwa kanisani, ananipigia. Wao wana kiyoyozi, mimi nina pikipiki.

Kwa wiki nzima mlango wa mnara wa Kwihara ulikuwa unalia kila alasiri. Nikifika, kufuli liko palepale, hata utando wa buibui haujakatika. Nikabadilisha kile kidude, nikabadilisha na waya. Kesho yake ukalia tena. Siku hiyo nilikuwa Igalula tangu alfajiri nikihangaika na feni iliyokufa, tumboni nina chai tu, Rehema akapiga.

"Fundi, Kwihara tena."

"Dada, ule mlango haufunguki. Inyamazishe tu hiyo alamu."

"Siruhusiwi, kaka yangu. Kamera ya pale haionyeshi mtu, lakini nenda ukaangalie. Pole."

Nikaenda. Unadhani ningefanya nini?

Mnara wenyewe uko kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wa misafara kwenda Ujiji na kurudi pwani. Nilipozima pikipiki nikamkuta mwanamume mtu mzima amesimama mbele ya mlango, mzigo kichwani, umefungwa kwa kamba za magome ya mti. Miguu peku, vumbi hadi magotini. Watu huniuliza kama alikuwa na kivuli. Sikuangalia. Nani huangalia kivuli cha mtu?

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Mwanangu, nitue."

Hapa nisikilize vizuri. Kwetu, mtu mwenye mzigo kichwani akikuomba umtue, huulizi ametoka wapi wala amebeba nini. Unanyoosha mikono, mnaushusha pamoja, ndipo habari za safari zinafuata. Mama alinilea hivyo. Ningemwacha mtu mzima ameelemewa, ningekuwa mtu wa namna gani? Nikanyoosha mikono.

Uzito ulinishukia hadi magoti yakataka kukunjika. Halafu mikononi hamkuwa na kitu. Hakuna mzigo, hakuna kamba. Yule mtu akainua shingo polepole, akaigeuza huku na huku, na niamini, machozi yakamtoka.

"Wote niliowaomba walinikimbia," akasema. "Ahsante, mwanangu. Nawe usichoke kuomba."

Akanipita, akashika njia ya magharibi. Simu yangu ikaita.

"Fundi, unafanya nini hapo? Nakuona kwenye kamera umenyoosha mikono juu, peke yako."

"Nilikuwa namtua huyu mzee."

Rehema akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee gani?"

Nikageuka. Njia ilikuwa tupu hadi macho yanapoishia.

Tangu siku hiyo Kwihara hapajalia. Lakini mnara mwingine wowote nikiukaribia, alamu ya mlango hulia Dar kabla sijatoa ufunguo mfukoni. Rehema haniulizi tena. Na shingo yangu, ndugu yangu! Hospitali wamenipiga picha, hawakuona kitu. Kanisani wameniombea. Nikilala, mzigo umelala nami. Nikiamka, tunaamka wote. Nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Dawa naijua. Ni kumwomba mtu anitue, kama nilivyoombwa mimi, naye auchukue. Lakini nimtwishe nani?

Juzi mama alikuwa uani akipepeta mchele. Akaniona naingia nimekaza shingo, akaweka ungo chini, akainuka.

"Baba, mbona unatembea kama una ndoo kichwani? Njoo nikutue."

Sikuwa nimemwomba. Alikuwa anatania tu, maskini, lakini mikono yake ilishanyooka, na nakuambia ukweli, shingo yangu yenyewe iliinama kumwendea. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho. Nikarudi nyuma hadi ukutani, nikamfokea mama yangu mzazi, "Usiniguse!" Siku hiyo hakula. Mpaka leo hajui amekosa nini, nami nitaanzia wapi kumweleza?

Basi wewe unayepita njia za huku, ukimkuta mtu ameelemewa, siwezi kukuambia umpite. Huo si utu. Ila ukinikuta mimi nimesimama njiani, kichwani sina kitu, nikakuomba unitue, geuza pikipiki yako uondoke. Usinionee huruma. Nimejizuia mpaka sasa, lakini kila siku nachoka zaidi.