Kibao cha Matundu Hamsini

Mume wangu alirithi meza ile kwa mtu aliye hai. Walikuwa wakifanya kazi pamoja katika kiwanda kimoja cha Tonawanda, yeye na mzee mmoja Mmarekani aliyefiwa na mke. Mikono ilipoanza kumtetemeka, mzee alisema hawezi tena kupima baruti. Jumamosi moja wakaibeba meza yake hadi kwetu Buffalo, wakaishusha ngazi, wakaiweka katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine yangu ya kufulia. Ilikuja na kila kitu chake: mashine ya chuma yenye mkono mrefu, mizani ndogo kuliko kiganja, na mitungi ya plastiki iliyojaa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa.

Kazi yenyewe ni kufufua. Ganda husafishwa, hunyooshwa, hutiwa kiwashio kipya na baruti, kisha kichwa cha risasi hushindiliwa juu yake. Wamarekani wengi hufanya hivyo nyumbani, kama wengine wanavyofuma sweta, kisha huenda kulenga shabaha.

Mimi nilizaliwa milimani Kivu. Tulipokuwa wadogo tuliokota maganda kama hayo tukienda shule, tukayapuliza kama filimbi. Siku mama alipoyakuta mfukoni mwangu aliyatupa chooni, akanichapa, kisha akakaa kizingitini na kushindwa kuinuka. Kwa hiyo mitungi ile iliponitazama kutoka rafuni, niliigeuzia mgongo.

"Papa," nilimwambia mume wangu, "vitu hivi ndivyo tulivyovikimbia."

"Kule vilikuwa mikononi mwa wengine," akajibu. "Hapa ni mimi ninayepima."

"Na ukikosea kupima?"

"Bon, sikosei."

Na kweli hakuwa mtu wa kukosea. Akiwa mezani hakutaka redio wala maongezi. Alikuwa na kibao chenye matundu hamsini, kila tundu na ganda lake, naye alitia baruti akianzia kushoto, safu kwa safu. Pembe moja ya kibao mzee aliitia nukta ya rangi nyekundu. Nukta ile ilipaswa kutazama ukuta daima. Akimaliza, alimulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kulifunga. Sijawahi kumwona ametulia hivyo, hata kanisani. Utulivu wake ndio ulionitisha. Nilizoea kupanda ngazi kwa ncha za vidole, na nguo zangu mkononi, kama ninayempita mnyama aliyelala.

Kisha ikaja Jumamosi ya theluji nyingi. Ilikuwa mchana, mimi nafua, yeye amefika karibu nusu ya kibao. Simu ikalia mfukoni mwangu. Alikuwa binti yetu, anayesoma uuguzi Columbus na kupanga na wenzake kule Hilliard. Alilia kwa Kiingereza, haraka haraka, nikashika neno moja tu: gari.

"Papa, kuya! Kuya mbio, mtoto amegongwa!"

Akainyakua simu, akapanda nayo juu kwa sababu chini haishiki vizuri. Nikabaki na kapu la nguo mbichi kifuani. Nilitaka tu mahali pa kuliweka. Nikakitoa kibao, nikakilaza juu ya mashine ya kufulia, nikaweka kapu mezani, nikaanza kuomba kwa sauti. Baada ya muda nikamsikia mume wangu akicheka kule juu. Gari lilikuwa limegongwa nyuma kwenye taa za barabarani. Binti hakuwa na hata mkwaruzo. Nikashukuru, nikabeba kapu langu, nikarudisha kibao mahali pake. Akashuka, akaketi, akaendelea.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na mzee kwenye uwanja wa shabaha. Nilishuka kufua. Kibao kilikuwa mezani, kitupu, na nukta nyekundu ilikuwa upande wangu.

Niliitazama kwa muda mrefu. Nilijaribu kujiambia kwamba amekigeuza mwenyewe. Lakini viganja vyangu vilikumbuka: nilikichukua nikiwa nimesimama upande huu wa mashine ya kufulia, nikakirudisha kutoka upande ule. Maganda yaliyokuwa na baruti yalihamia kulia. Mume wangu alirudi na habari za binti kichwani, akaendelea pale alipoachia. Donc mengine yalipata mara mbili, na mengine hayakupata kitu.

Nilimpigia simu mara tano. Wakiwa uwanjani huvaa vifuniko vya masikio, hakusikia. Nilisimama jikoni na koti mwilini, sijui nakwenda wapi, mpaka alipopiga yeye.

"Papa, risasi zile—"

"Mama," akanikatiza, na sauti haikuwa yake. "Mzee ameumia. Nilimwachia apige wa kwanza, kwa heshima. Bastola imepasuka mkononi mwake."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikayameza.

Mzee alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na vipande vya chuma vilitolewa shavuni. Miwani iliokoa macho. Tulipomtembelea hospitalini alimuuliza mume wangu swali moja tu: "Ulimulika ndani?"

"Nilimulika," akasema. Tukiwa ndani ya gari akaniambia hakumbuki.

Alizivunja risasi zilizobaki moja moja, akakuta nyingine zina baruti maradufu na nyingine hazina kitu, asielewe. Tangu hapo alianza kuchungulia. Alichungulia kikombe kabla ya kumimina chai. Alichungulia viatu, sufuria, chupa ya dawa ya kikohozi, kisha akachungulia tena. Binti alipokuja likizo akamkuta baba yake amemulika tochi ndani ya chungu cha mboga ya sombe, akanitazama. Nilimwambia baba amechoka. Ningeweza kuyamaliza siku ile kwa sentensi moja, na sikuisema, wala siku iliyofuata.

Tulihamia Louisville, mtaa wa South End, kwa sababu kulikuwa na kazi za ghala na kanisa la watu wetu. Meza aliibomoa, mashine ya chuma akaifunga kwenye sanduku. Mzee alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Mume wangu hakupokea. Aliitazama simu inavyolia mpaka ikanyamaza.

Jumapili moja, ilipokuwa ikilia, nikasema, "Ni mimi niliyegeuza kibao." Nikamweleza yote: kapu, maombi, nukta nyekundu.

Hakupiga kelele. Alikaa na mikono magotini.

"Bado nilipaswa kumulika," akasema. Kisha: "Lakini umeniacha peke yangu humo miaka miwili, Mama. Uliniona."

"Nilikuona."

Nilimpigia mzee mwenyewe, kwa Kiingereza changu kibovu, nikakiri.  Ndipo akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Mpigo wa kwanza siku ile haukulia kama mingine. Ulitoa mlio hafifu, kama kizibo. Alijua maana yake. Risasi isiyo na baruti hukwama ndani ya mtutu, ikifuatwa na nyingine mtutu hupasuka, na kila mpigaji hufundishwa kuacha kupiga hapohapo. Lakini mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu, akingoja kusifiwa kazi yake. Mzee hakutaka kumwaibisha. Akafyatua wa pili.

Nilimpa mume wangu simu. Waliongea muda mrefu, nikamsikia akimwita mzee baba. Nilifikiri limekwisha.

Wiki ile mume wangu alikuja na mbao nene nyuma ya gari. Nilisikia msumeno gerejini hadi jioni, kisha nyundo. Nilipokwenda kumwita ale, meza ilikuwa imesimama, mashine ya chuma imefungwa juu yake kwa boliti, na mitungi imepangwa rafuni. Alikuwa amepiga magoti mlangoni, akikaza kitasa kipya.

"Hicho cha nini?" nikamuuliza.

"Cha ndani," akasema, bila kuinua macho. "Nikiwa mezani, mtu wa nje hawezi kukifungua."

Alijaribu ufunguo mara mbili, akautia mfukoni, akanawa mikono, tukaenda kula.