Visunzi Viwili vya Bibi

Mimi sijui kusema mbele ya watu. Skuli mwalimu akiuliza na jibu ninalo, hulimeza nikasubiri mwengine alitaje. Nyumbani akija mgeni hukimbilia jikoni. Kwa hivyo siku Shangazi alipotupeleka hospitali kwa ajili ya kisunzi cha Bibi, nilijua kazi yangu ni kushika mkoba na kunyamaza, na nilikuwa radhi kabisa.

Bibi, mama yake baba, anakaa Michenzani, ghorofa ya nne, kwenye yale majengo marefu ambayo watu huyaita matreni. Mimi nalala kwake tangu nianze sekondari, maana kwetu ni mbali na skuli. Tunalala kitanda kimoja. Ndiyo sababu nilikuwa nayajua mambo ya kisunzi chake ambayo wengine hawakuyajua.

Kilianza katikati ya Ramadhani. Tulikuwa tunataka kuamka tule daku, nikahisi amenishika mkono kwa nguvu.

"Kamata kitanda," aliniambia. "Kinazunguka."

Kitanda kilikuwa kimetulia. Nikawasha taa, nikamwona amefumba macho na anahema kama aliyetoka kupanda ngazi. Baada ya muda mfupi kikaacha, akaamka, akala wali wake kama kawaida. Kikaja tena siku nyengine, na nyengine, na kila mara alikuwa amejigeuza upande wa kulia. Hata barazani kwetu kule juu nilimwona: akiinua uso kutundika nguo kwenye kamba, huyumba akashika ukuta.

Hicho kilikuwa kimoja. Kingine kilikuwa cha usiku, akisali Isha na tarawehe. Akiinuka kutoka kwenye sijda alikuwa anaona giza, na miguu inamlegea. Hapo hapakuzunguka kitu. Lakini yeye yote mawili aliyaita kisunzi, na mimi nikayaita hivyo hivyo. Sikufikiri kwamba yanaweza kuwa mambo mbalimbali.

Ngazi yetu nzima ikawa na madaktari. Mmoja alisema ni sukari, mwengine akasema Bibi amepungukiwa na damu, mwengine akauliza kama amepita pahala pabaya wakati wa Magharibi. Jirani wa chini yetu ana kipimo cha presha, kile cha kuvaa mkononi, na tangu akinunue hakuna maradhi mengine duniani.

"Imepanda hiyo, shoga yangu," alimwambia Bibi, akampima. Haikuwa imepanda. Akaitazama mashine, akamtazama Bibi. "Leo imejificha. Tafuna kitunguu thomu."

Bibi akatafuna. Chumba kikanuka wiki nzima na kisunzi kikabaki pale pale.

Sikukuu ikapita, Bibi akaanza kufunga sita, zile siku za sunna za Mfunguo Mosi. Usiku mmoja akasimama kwa ajili ya rakaa ya pili ya Isha, akaanguka. Paji la uso likagonga kabati. Damu haikuwa nyingi lakini lilivimba kama yai. Nilimpigia simu baba, baba akampigia dada yake, na asubuhi Shangazi akafika kutoka Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, na uamuzi wake tayari.

"Mama, ngazi zote hizi na kisunzi hiki, utakuja kunitoa roho. Unahamia kwangu. Kwangu ni chini, huna pa kupanda wala pa kushuka."

"Kwako nikafanye nini? Nikatazame ndege zinavyotua?"

"Ukapumzike."

"Hapa nshapumzika."

"Umepumzika na paji lishakuwa kama embe?"

Bibi aliingia nyumba hii akiwa bibi harusi. Wenzake wote wako kwenye ngazi hiyo hiyo. Alasiri huketi kwenye ngazi na masinia yao ya mchele, wakachambua mchele na wakachambua watu. Kiembe Samaki Shangazi na mumewe hutoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, na nyumba yao ina geti la chuma ambalo hata mimi silifungui kwa mkono mmoja. Nikimfikiria Bibi nyuma ya lile geti kutwa nzima, nilitaka kulia. Na nisifiche, nilijifikiria na mimi pia, kwa sababu ningerudi kwetu kulala na wadogo zangu.

Baba alisema kwanza aonwe na daktari. Shangazi akakubali kwa sharti: daktari akisema ni uzee, hakuna mjadala tena, vitu vinafungwa. Alipoteremka kwenda kuweka gari sawa, Bibi akanivuta jikoni.

"Ya kitandani usiyataje. Wakisikia hata kulala siwezi, basi tena."

"Haya, Bibi."

Daktari alikuwa kijana, jambo ambalo Shangazi hakulipenda. Alimwamkia Bibi shikamoo vizuri, akaitikiwa marahaba mwanangu, akauliza anasumbuliwa na nini.

"Kisunzi," Shangazi akadakia. "Ana presha, anameza vidonge, na umri wake ndo huo unaouona."

"Naomba anijibu mwenyewe. Bi mkubwa, hicho kisunzi kikoje? Nyumba inazunguka? Au unaona giza kama unataka kuzimia? Au kichwa kizima, ila miguu ndiyo haikutii?"

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akikiulizia kisunzi namna hiyo. Wote nyumbani walikuwa wanauliza kimepungua au hakijapungua.

"Ni kisunzi tu, mwanangu. Kidogo."

"Kinakuja ukifanya nini?"

"Kikitaka."

Daktari hakukasirika. Akauliza kama masikio yanavuma, kama anasikia vizuri, kama kichwa kinauma, kama mdomo umewahi kwenda upande au mkono mmoja kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito. Yote hapana. Akamwambia aguse pua yake halafu aguse kidole cha daktari, mara kadhaa. Akamtembeza kwenye mstari wa vigae. Akampima presha amelala, akampima tena amesimama, na aliposimama namba zilishuka. Ndipo akauliza vidonge vya presha anavimeza saa ngapi.

"Magharibi," Bibi alisema, na alisema kwa fahari. "Na tende."

"Vyote?"

"Vyote. Mchana si nimefunga? Cha asubuhi, cha mchana na cha usiku, navishusha pamoja."

"Na siku ambazo hukufunga?"

"Nshazoea. Mwili hautaki kubadilishwabadilishwa."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo kwenye mwili ambao haujapata maji toka alfajiri. Inapofika Isha imeshashika kazi, presha inashuka, na yeye ndipo anaposujudu na kuinuka. Damu haiwahi kufika kichwani. Kumbe jirani yetu alikuwa anatafuta presha juu na yenyewe ilikuwa chini.

"Basi ni presha," Shangazi alisema, akachukua funguo za gari.

"Hiyo ya Isha nimeielewa," daktari alisema. "Kuna nyengine?"

"Hakuna," Bibi alisema upesi.

Niliangalia mkoba mapajani mwangu. Nilifikiri vidonge vitapangwa, halafu ataendelea kuinua uso barazani, ghorofa ya nne, na kuyumba. Nikasema, "Akigeuka." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena na sauti ikatoka kubwa mno, kama nagombana na mtu.

"Akigeuka kulia! Kitandani. Na akitundika nguo. Kinazunguka."

Bibi alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Daktari akageuza kiti chake kunielekea mimi.

"Kinachukua muda gani?"

"Kama mtu kusoma Alhamdu. Halafu kinaacha."

Akamkalisha Bibi juu ya kitanda, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo ukingoni.

"Weee! Mtoto wa watu, utaniua! Kamata kitanda! Kamata!"

Mboni zake zilikuwa zinarukaruka. Shangazi akasema "Ya Rabi" na kukaa chini. Daktari alikuwa ametulia, tena naona alifurahi. Alisema ndani ya sikio mna vichembe vidogo kama vya chokaa vinavyotusaidia kujua tumekaa vipi. Baadhi vya Bibi vimechopoka na kuingia kwenye kijia kisicho chao, na kichwa kikigeuka vinabingirika na kuudanganya ubongo. Akasubiri macho yatulie, akamgeuza kichwa kushoto, akamlaza ubavu, kisha akamkalisha polepole. Akarudia. Mara ya mwisho Bibi alikamata kitanda mapema, akangoja.

"Mbona hakiji?" aliuliza.

"Kwa hivyo si uzee?" Shangazi aliuliza.

"Umri una mkono wake. Lakini kila kimoja kina tiba yake. Ningeona mdomo umepinda au mkono umelegea, tungekuwa tunazungumza mengine."

Akampangia vidonge upya, akamwambia kila Ramadhani aje aulize kabla hajajipangia mwenyewe, sita azisimamishe kwanza maana mwezi bado mrefu, na kabla ya kusimama akae kidogo. Na kile cha kitandani kinaweza kurudi. Kikirudi, aje ageuzwe tena.

Alasiri, nyumbani, Bibi akaniita jikoni.

"Umenivua nguo mbele za watu."

"Ungeanguka nazo barazani," nilimjibu, na nikashtuka mwenyewe. Akaguna. Hakunipiga kibao, na samaki alinipa kipande cha mkia kama siku zote.

Kisunzi cha kitandani kilirudi mara moja, dhaifu, tukaenda akageuzwa. Cha Isha kikaondoka. Shangazi hakutuamini. Ijumaa moja akaja baada ya Magharibi, akakaa, na ilipoingia Isha akasimama mlangoni mwa chumba amekunja mikono kama msimamizi wa mtihani. Bibi alisali rakaa zote nne kwa kusimama. Baada ya kutoa salamu alibaki kwenye msala akivuta tasbihi, kwa raha zake, muda mrefu kuliko kawaida. Nadhani alikuwa anamkomoa mwanawe. Kisha akashika kitanda, akainuka.

"Haya, umeona?"

"Nimeona, Mama. Basi baki. Lakini nguo atundike huyu."

"Huyu? Hata kuzikamua hajui."

"Mama."

"Haya, atundike."

Shangazi akanywa chai, akatubusu, akatoka. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi mpaka chini kabisa.

"Funga mlango," Bibi aliniambia. "Na komeo pia. Asije akabadilisha nia."