Nesi Yudith na Arobaini ya Junaid

Bwi-bwi-bwi-bwi. Ilikuwa sauti ya oksijeni ikibubujika ndani ya chupa ya maji. Hata leo, akipita jikoni maharage yakitokota, Yudith husimama kidogo mlangoni. Kwa dakika hiyo amerudi Mbeya, kwenye wodi aliyoanzia kazi ya unesi, kando ya vitanda vya watoto njiti. Sauti ile ikiwepo, mtoto anapumua. Akina mama walilala nayo kama watu wanavyolala na mvua juu ya bati.

Kisha siku moja akarudishwa Asukile, mtoto wa mwaka mmoja, mnene na mcheshi, aliyeokolewa na hewa ile ile. Mama yake alisema tu, "Nesi, huyu hatazami taa." Alipopimwa, nyuma ya macho yote mawili kulikuwa kumeharibika. Hakuna aliyefanya uzembe. Siku hizo wodini pale hawakujua bado kwamba mtoto aliyezaliwa mapema anaweza kupewa uhai na hewa, na hewa hiyo hiyo ikachangia kumpofusha. Asubuhi nzima Yudith alimbeba, na mtoto akampapasa pua na masikio huku akicheka. Mwaka uliofuata Yudith aliomba kwenda kusomea uuguzi wa macho.

Sasa yuko Iringa, mama wa makamo mwenye kucha fupi na sweta lililochakaa viwiko. Kila Jumatano huwapiga njiti picha nyuma ya macho. Kabla ya kumgusa mtoto hutia mikono kwapani ipate joto, humdondoshea maji ya sukari ulimini, halafu humwimbia wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao Tukuyu, nje kabisa ya tyuni. Wenzake humtania kwamba watoto hulia kwa sababu ya wimbo, si kwa sababu ya taa. Picha huzituma kwa simu kwa Daktari Gerson, Mbeya, naye ndiye husema ugonjwa umefika hatua gani.

Mama akiuliza hatua ni nini, Yudith huhamia shambani.

"Mishipa ya damu hutambaa kama maboga, kutoka katikati kwenda pembeni. Mtoto akizaliwa mapema, maboga husimama njiani. Pale yaliposimama ukiona mstari tu, hiyo ni hatua ya kwanza. Wengi huishia hapo, maboga yakaendelea yenyewe. Mstari ukiinuka ukawa tuta, ni ya pili. Magugu yakiota juu ya tuta, ni ya tatu, na hapo lazima tukimbie. Ya nne udongo umeanza kuporomoka. Ya tano shamba zima liko bondeni."

Junaid, mmoja wa njiti hao, alitoka hospitali akiwa hatua ya pili, macho yote mawili. Mama yake, Shufaa, mke wa muuza vitambaa wa mtaa wa Mshindo, aliambiwa amrudishe Jumatano inayofuata. Jumatano ikafika, Shufaa hakutokea. Yudith alipopiga simu, alijibiwa kwa kunong'onezwa: "Mama mkwe amekataa, dada. Anasema mpaka arobaini iishe."

Yudith akapanda bajaji na aproni yake.

Mlangoni alikuwa Bi Zuena, bibi wa mtoto, mwanamke ambaye babu yake alitoka Kilwa na robota za kanga asirudi tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umemfuata mjukuu wangu, kunywa chai urudi zako. Tena chai ya iliki, ninyi watu wa Tukuyu mmezoea maji ya ndizi."

"Na ninyi watu wa pwani mngetia iliki hata kwenye dawa ya meno."

Bi Zuena akacheka, lakini hakusogea kutoka kwenye pazia la chumba alimolala mtoto.

"Haumwi huyu," alisema. "Ananyonya, analala, macho yanang'aa. Mtoto mwenyewe kama kiganja, nimpitishe barabarani watu wamkodolee? Arobaini bado."

"Lakini mama, amezaliwa kitambo. Arobaini si inakaribia?"

"Inakaribia kwa nani? Mimi nahesabu tangu alipoingia humu ndani. Kule kwenu alikuwa bado tumboni. Tumbo la mashine, lakini tumbo."

Yudith aliweka kikombe chini. Njia nzima alikuwa amejiandaa kumtisha huyu mama kwa habari za Asukile. Akaziacha.

"Mama, hata sisi tunahesabu hivyo. Daktari ana hesabu mbili: ya siku aliyotoka mtoto, na ya siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hiyo ya pili, Junaid hajazaliwa bado."

"Umesikia?" Bi Zuena alimgeukia mkwewe Shufaa, aliyesimama kando ya pazia. "Na nesi kasema!"

"Basi kama hajazaliwa, ni mimba. Shufaa alipokuwa na mimba ulimfungia ndani?"

"Alikuwa anapanda ngazi za dukani na mzigo," Bi Zuena alikiri. "Nikamgombeza mpaka sauti ikakauka."

"Na kliniki alikwenda?"

"Nilimpeleka mwenyewe."

Kicheko kilimwanzia Bi Zuena mabegani, kikashuka, kikamkalisha kitini. "Mnyakyusa wewe una maneno! Shufaa, vua blauzi. Mrudishe mtoto tumboni."

Junaid akafungwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kanga juu, baibui juu ya kanga. Njiani jirani mmoja akashangaa: "Shufaa si alishajifungua?"

"Nani kakwambia?" alijibu Bi Zuena. "Tunakwenda kliniki."

Hospitalini, Yudith alipoiona picha ya kwanza, wimbo ulimkatikia mdomoni. Mishipa ilikuwa imevimba na kujipinda kama minyoo. Alituma, akasubiri. Simu ikaita.

"Ni ya tatu, Yudith," alisema Daktari Gerson, "na mishipa imevimba vibaya. Waje kesho. Usiache wikendi ipite."

Shufaa alianza kulia. Bi Zuena, aliyesimuliwa shamba lile na mkwewe, hakuwa na utani tena. "Udongo umeporomoka?"

"Bado, mama. Ndiyo maana tunakimbia."

Kesho yake bibi, mama, mtoto na nesi walikuwa kwenye basi la Mbeya. Junaid akachomwa sindano ndogo ya dawa katika kila jicho. Yudith alimshika kichwa, na Bi Zuena, aliyekataa kutoka nje, alishika nyayo.

Wiki zilizofuata picha zilitulia. Mishipa ilinyooka, magugu yakanyauka, na Daktari Gerson akaridhika. Lakini picha haisemi kama mtoto anaona. Hilo mtoto mwenyewe ndiye hulionyesha, akikua kidogo, na Yudith alilisubiri bila kumwambia mtu jinsi anavyolala vibaya.

Arobaini ya Bi Zuena ilikuwa imekwisha siku nyingi waliporudi kwa Yudith safari hii. Junaid alikuja uso wazi, mashavu yamejaa, alama ya wanja katikati ya paji.

"Macho sikuyapaka," Bi Zuena alijitetea kabla hajaulizwa. "Hayo nimekuachia wewe."

Yudith hakuwasha taa, wala hakuchukua kamera. Aliinamisha uso wake juu ya mtoto, hakuimba, asije mtoto akafuata sauti badala ya uso. Akausogeza uso polepole kushoto. Junaid alikuwa anatazama dari. Akaurudisha katikati, akasubiri, akaanza tena.

"Vipi, dada?" aliuliza Shufaa.

Yudith alikwenda na uso kushoto mpaka shingo ikamuuma, kisha kulia, taratibu, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

"Ananifuata," alinong'ona.