Babu Niliyempeleka Motoni kwa Kipaza Sauti

Sababu ya safari hii ilikuwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri huku Kahororo, mjini Bukoba, na Jumapili ya misheni nilipewa zamu ya kuhubiri. Nilitaka washarika wajitolee kupeleka Injili mbali, nikaona dawa yao ni kuwatisha. Nikasema kila aliyekufa bila kulisikia jina la Yesu amepotea, tena yuko motoni sasa hivi tunavyozungumza. Nikarudia mara mbili, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimetoka kwa fundi juzi yake na kilikuwa kinanipa sauti ya mtu mkubwa. Watu waliguna, nikajiona bingwa.

Miongoni mwao alikuwamo shangazi yangu Adelina, dada wa marehemu baba, mwenye miaka themanini na kitu, aliyekuja mjini kutibiwa kifua. Ndiye aliyenilea. Siku ile hakwenda mbele kushiriki Meza ya Bwana, nami nikadhani ni magoti. Kesho yake alfajiri alifunga kanga zake akarudi Kishanda, wilayani Muleba, dawa akaziacha mezani.

Wiki mbili baadaye mwinjilisti wa huko akanipigia simu. Shangazi amekataa Meza ya Bwana. Mchungaji alipokwenda kumtembelea alimkuta amefunga mlango kwa ndani. Na amewatangazia majirani kwamba akifa asiombewe, yeye anakwenda kukaa na baba yake kule Walutheri wa Bukoba walikompeleka.

Baba yake ni babu yangu. Alikufa zamani sana, bila kubatizwa, na amezikwa kwenye kibanja chetu, katikati ya migomba na mibuni. Nilikuwa nimemtupa motoni mzazi wa baba yangu na wala sikumkumbuka wakati namtupa. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa. Kifua cha Shangazi kilikuwa kibaya. Angeweza kufa wiki yoyote, amemkasirikia Mungu kwa sababu yangu. Nikajaza mafuta pikipiki.

Saa moja asubuhi nilikuwa Kitendaguro, kwa mchungaji wangu mstaafu. Nilimkuta anaanika kahawa uani, suruali ameikunja hadi magotini. Nikamweleza yote. Hakuacha kusambaza kahawa yake.

"Na hizo karatasi mfukoni?" akauliza.

"Ni maelezo yangu kwake, Baba Mchungaji. Kurasa nane."

"Haya, nieleze kwa ufupi, mimi si Adelina."

Nikamweleza kwamba wako Wakristo wanaosema asiyeisikia Injili hawezi kuokoka. Wako wanaosema Mungu humhukumu mtu kwa nuru aliyopewa na sheria iliyomo moyoni mwake. Na wako wanaotumaini kwamba Kristo humfikia mtu hata ng'ambo ya kaburi.

"Wewe uko wapi?"

"Hadi ukurasa wa tatu niko na wale wa kwanza. Ukurasa wa saba nahama."

Mzee alicheka mpaka akakalia mkeka pamoja na kahawa. Alipotulia alisema, "Mimi nimehubiri miaka yote hiyo na jambo hilo silijui. Najua anayeokoa ni Kristo. Mkono wake unafika wapi, hakuniweka mimi kuwa mlinzi wa mpaka. Mpelekee sukari."

Saa tatu, Muhutwe. Mvua ilinishika barabarani nikajibanza kwenye kibanda cha mama anayeuza mananasi. Alikuwa na rozari shingoni na maswali mengi. Alipojua mimi ni mwinjilisti na ninakokwenda, akanihurumia kama mgonjwa.

"Nyie Walutheri mnajitesa," alisema. "Sisi mtu akifa tunamwombea, tunamtolea misa, tunamwachia Mungu. Nyie mkishafunika kaburi mnafunga na ofisi."

Nilitaka kumjibu kwa hoja. Nikachomoa karatasi zangu, nikakuta zimelowa zikawa kitu kimoja, wino wa ukurasa wa saba umeingia wa kwanza. Nilinunua nanasi nikaondoka.

Saa sita nilikuwa Muleba mjini, nikanunua sukari kilo mbili, sabuni na majani ya chai. Hapo niliiacha lami. Njia ya Kishanda baada ya mvua ni utelezi mtupu, na mimi ni mzito. Nilianguka mara moja mbele ya kundi la akina mama waliokuwa wanatoka shambani. Walisema pole kwa adabu kabisa, halafu walipopita kona nikawasikia wakicheka vizuri. Sukari ilipona, nanasi halikupona.

Saa nane nilifika. Shangazi alikuwa mlangoni anamenya ndizi, amejifunga kanga kifuani, anakohoa. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliitikia, akaendelea kumenya. Kwetu mgeni hupewa kwanza punje za kahawa atafune, ndipo aulizwe habari. Nilingoja. Kahawa haikuja. Hata mgambo anayekuja kukamata mbuzi Shangazi humpa kahawa.

"Umekuja kunichukulia vipimo?" akauliza. "Uone kama naenea kwenye moto wenu?"

"Shangazi, nimekuja kuomba msamaha."

"Siku ile ulikuwa unajua unachosema, au ulikuwa unasema tu?"

Kurasa nane zilikuwa uji mfukoni. Nilimtazama mama huyu aliyenifundisha kusali, nikashindwa kumdanganya.

"Nilikuwa nasema tu, Shangazi. Sijui."

Kisu kikasimama. Akaanza kulia kimya kimya, nami nikachanganyikiwa, maana sijawahi kumwona Shangazi akilia, hata msibani kwa mumewe.

"Waitu, Sospeter," alisema, "tatizo si kwamba Injili haikumfikia Tata, baba yangu. Ilikuwa njiani inakuja. Mimi ndiye niliyeipoteza."

Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa na miaka saba hivi. Mwalimu wa dini alikuja kwa miguu kutoka Kamachumu, amevaa viatu, ana mwavuli mweusi, akamkuta njia panda akamwuliza nyumbani kwa baba yake ni wapi. Sasa, wiki ile ile mwalimu huyo alikuwa amefika kwa jirani. Jirani akataka kubatizwa, akaambiwa abaki na mke mmoja, na wa pili akafungishwa virago.

"Na mama yangu alikuwa mke wa tatu," Shangazi alisema. "Wa tatu, Sospeter! Nikamwonyesha njia ya bondeni, kwenye matete."

"Akaenda?"

"Akanishukuru, akaenda. Alitoka huko jioni ana kiatu kimoja. Akarudi kwao. Mvua hizo hizo Tata akaugua akafa."

Kiatu kile kimoja kilitaka kunichekesha, nikajiuma midomo. Lakini niliona alichobeba miaka yote hiyo. Alikuwa amejituliza kwamba Mungu mwenyewe atakuwa ameona, na kwamba mtoto ni mtoto. Halafu mimi, mtoto wake wa kulea, nikasimama na kipaza sauti nikamwambia mbele ya watu wote kwamba baba yake anaungua, na aliyemwasha ni yeye.

Alinyanyuka, akanishika mkono, tukaingia kwenye migomba hadi kwenye kaburi la Babu.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Lile alilokuwa analeta yule mwalimu. Mimi nilimzuia, wewe lifikishe."

Sisi Walutheri hatuwahubirii marehemu. Hilo nalifundisha mimi mwenyewe darasa la kipaimara, kila mwaka. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona anavyoshika mgomba asianguke, nikavua kofia.

"Babu," nikasema, "ni mimi Sospeter, mwana wa mwanao. Yule mwalimu alikuwa anakuja kukuambia kwamba Mungu anakupenda, na kwamba Yesu alikufa akafufuka kwa ajili yako. Tumechelewa. Utusamehe."

"Wake hukuwataja?" Shangazi akanong'ona.

"Sikuwataja."

"Vizuri. Hapo hapo, usiendelee." Akainamisha kichwa, akasema amina kwa sauti nzito. "Hiyo ni ya Tata," akanifafanulia. Kisha akasema nyingine ndogo, yake.

Nyuma ya ua tukasikia mtu anakohoa. Ni jirani, Ta Deo, Mkatoliki, panga mkononi, macho yamemtoka.

"Mwinjilisti! Kumbe na ninyi toharani mnaenda, ila mnajificha?"

"Ta Deo," Shangazi akamjibu, "palilia migomba yako."

Tulirudi ndani, nikapewa kahawa konzi nzima, na matoke na maharage, na lawama kwa kutembea na viatu vichafu. Jioni mchungaji wa Kishanda aliitwa. Alikuta mlango wazi. Shangazi alishiriki Meza ya Bwana akiwa ameketi kitandani, na nilimsaidia kushika kikombe.

Kesho yake niliondoka saa mbili, njia imekauka. Kitendaguro nilisimama kumsimulia mchungaji mstaafu, pamoja na habari ya kuhubiri kaburini. Aliuliza kama marehemu alijibu. Nikasema binti yake ndiye aliyemjibia. Akaniambia hilo nisiliandike kwenye taarifa ya mwezi.

Jumapili niliomba dakika mbili. Nikawaambia washarika kwamba nilisema kwa uhakika jambo nisilolijua, na kwamba tutaipeleka Injili kwa sababu ni habari njema, wala si kwa sababu tumeshahesabu nani anaungua. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata nje kulalamika kwamba sasa watu hawataogopa kitu.

Siku zote nilidhani wasiofikiwa na Injili wako mbali, ng'ambo ya mito, kwenye lugha nisizozijua. Kumbe mmoja alinilea kwa mikono yake, na Jumapili ile nilimpita pale pale kanisani nikiwahubiria wengine.